Kugombea uongozi katika taaluma ya famasi: mwongozo kwa walioko Dodoma na Kanda ya Kati

Uchaguzi wa chama cha taaluma ukikaribia, simu huanza kuita. Mtu ambaye hamjawasiliana tangu mkiwa watarajali, yaani wahitimu wapya mkijifunza kazi chini ya usimamizi, anakuandikia, "Mkuu, siku nyingi," na kabla hujamjibu limeshatua bango lenye picha yake ndani ya koti jeupe, chini yake maneno matatu: Uwajibikaji, Umoja, Maendeleo. Hakuna anayejua atafanya nini akishinda. Pengine hata mwenyewe hajui.

Mwongozo huu ni kwa mfamasia wa Dodoma, Singida na maeneo ya jirani anayetaka kuingia kwenye vyombo vinavyoongoza taaluma yake, na yuko tayari kuanza mapema kuliko bango. Wateknolojia dawa nao watakuta mengi yanayowahusu. Nimefuata mpangilio wa kazi yenyewe. Hatua nyingine nimezirefusha kwa sababu ndipo wagombea wengi wanapokwama. Nyingine nimezipitia upesi, kwa kuwa fomu ni fomu tu.

Hatua ya kwanza: ujue mlango unaoubisha

Watu huchanganya vyombo viwili. Kuna Baraza la Famasi, ambalo ni mdhibiti. Linafanya kazi chini ya Sheria ya Famasi, Sura ya 311, iliyotungwa mwaka 2011. Ndilo linalosajili wafamasia, kuandikisha wateknolojia dawa, kusimamia maeneo ya kutolea dawa, na kumwita mtu ajieleze akilalamikiwa. Kisha kuna Chama cha Wafamasia Tanzania, ambacho ni mali ya wanachama: kinakutanisha, kinaelimisha, kinatetea, kinasema kwa niaba ya taaluma. Chama kipo kwa ajili ya mfamasia. Baraza lipo kwa ajili ya mgonjwa. Ukiingia kwenye kimoja ukiwa na kichwa cha kingine, utateseka na utawatesa wenzako.

Njia za kuingia nazo ni mbili. Kwenye chama unaomba kura. Kwenye Baraza wajumbe hupatikana kwa uteuzi unaofanywa kwa mujibu wa Sheria. Wafamasia hawapangi foleni kupiga kura. Kwa hiyo mtu akikuambia "nagombea Baraza la Famasi," muulize kwanza anamaanisha nini. Kwingine mambo ni tofauti. Afrika Kusini baadhi ya wajumbe wa baraza lao huchaguliwa kwa kura za wafamasia na wengine huteuliwa na waziri. Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Chama chao cha zamani kilikuwa mdhibiti na mtetezi kwa pamoja, yaani refa na nahodha ndani ya jezi moja, hadi mwaka 2010 kilipovuliwa udhibiti na kuundwa chombo kipya chenye baraza la watu 14, nusu yao wakiwa si wafamasia kabisa.

Ushauri wangu kwa mtu wa Kanda ya Kati ni huu: anza na chama, ngazi ya mkoa au tawi. Si kwa sababu ni rahisi. Ni kwa sababu uteuzi, popote unapofanyika, humtafuta mtu ambaye kazi yake imeshaonekana, na sisi huku hatuonekani kirahisi. Famasi nyingi za nchi hii ziko Dar es Salaam, na wafamasia wengi vilevile. Jina la mtu wa Manyoni halifiki kwenye meza yoyote bila kubebwa na kitu.

Kabla ya kumwambia mtu yeyote nia yako, pata karatasi mbili. Ya kwanza ni Sheria yenyewe. Soma sehemu inayotaja muundo wa Baraza, sifa za wajumbe, na kazi zake. Ya pili ni katiba ya chama pamoja na kanuni za uchaguzi kama zimetengwa. Vyama vinavyosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337, huwasilisha katiba kwa Msajili wa Vyama, na hiyo iliyoko kwa Msajili ndiyo inayohesabika, si ile inayozunguka kwenye grupu la WhatsApp ikiwa na kurasa mbili pungufu. Mwandikie katibu umwombe nakala. Ukiipata, pigia mstari mambo haya: mgombea anatakiwa awe mwanachama kwa muda gani, mwisho wa kulipa ada ili uruhusiwe kupiga au kupigiwa kura ni lini, wadhamini ni wangapi, akidi ya mkutano ni watu wangapi, na pingamizi hupelekwa kwa nani. Mengi ya malalamiko ya baada ya uchaguzi huzaliwa na vifungu hivi ambavyo hakuna aliyevisoma kabla.

Hatua ya pili: jikague kabla hujakaguliwa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pana uchungu.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mji umetanuka kuelekea kila upande. Nzuguni, Kisasa, Ihumwa, Nkuhungu, kote huko famasi zimefuata watu. Kila famasi inahitaji mfamasia msimamizi, na wafamasia hawakuongezeka kwa kasi ya nyumba. Matokeo yake sote tunayajua: cheti kimening'inia ukutani, mwenye cheti yuko mkoa mwingine, na kijana wa kaunta hamjui hata kwa sura. Mwisho wa mwezi pesa inaingia kwenye simu. Huku mtaani tunaita kukodisha cheti.

Ikiwa cheti chako kimekodishwa, usigombee. Sisemi hivyo kwa ukali wa mahubiri. Nasema kwa hesabu ya kawaida: kiti unachokitaka kitakufikishia malalamiko ya famasi zisizo na msimamizi, na siku hiyo mtu mmoja tu katika ukumbi akijua habari zako, umekwisha. Na atakuwepo. Taaluma yetu ni ndogo, na watu wa kaunta huhama kutoka duka moja hadi jingine wakiwa na habari zote.

Kwa hiyo kaa chini uorodheshe kila mahali jina lako linapoonekana kama msimamizi. Kwa kila sehemu jiulize: mara ya mwisho nilikuwepo lini, nilisaini nini, na mtoa dawa wa pale akiulizwa leo atasema nini? Pale ambapo jibu linakuaibisha, mwandikie mmiliki barua ya kujitoa, toa taarifa kwa Baraza, tunza nakala iliyopokelewa na kugongwa muhuri. Fanya hivyo mapema, tena mapema sana. Barua ya kujitoa yenye tarehe ya wiki moja kabla ya kuchukua fomu inasomeka kama ungamo.

Mengine ni mepesi. Hakikisha leseni yako imehuishwa, risiti za ada ya Baraza na ya chama zipo, na mafunzo endelevu ya kitaaluma uliyohudhuria yana ushahidi. Kama una lalamiko lililowahi kufunguliwa dhidi yako, tafuta barua ya namna lilivyoisha. Kama ni mtumishi wa umma, zungumza na mwajiri wako mapema kuhusu muda utakaohitaji kwa vikao. Mganga Mfawidhi anayesikia habari zako kutoka kwenye grupu huwa hana haraka ya kusaini ruhusa.

Halafu andika orodha ya maslahi yako. Hisa kwenye famasi, hata kama ni ndogo. Duka la dawa muhimu la mkeo au mumeo kule Bahi. Kazi ya jioni kwa msambazaji wa dawa. Kufundisha chuoni. Hakuna kosa kuwa na vitu hivi. Wafamasia wanaishi kwa kazi zao. Kosa ni wapiga kura kuvijua baada ya kura.

Hatua ya tatu: ujue kiti hakifanyi nini

Chukua karatasi uandike ahadi tatu unazotaka kutoa. Sasa mbele ya kila ahadi andika jina la chombo chenye mamlaka juu ya jambo hilo. Nimewaona wenzangu wakifanya zoezi hili wakabaki na ahadi moja, na wengine wakabaki na karatasi tupu.

"Nitakomesha dawa bandia." Usajili na udhibiti wa dawa zenyewe ni kazi ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. "Nitahakikisha dawa zinafika vituoni kwa wakati." Hiyo ni Bohari ya Dawa, na kanda yake iko hapahapa Dodoma; ukitaka kuwasemesha utawasemesha kama mdau tu. "Nitapandisha bei za bima." Zungumza na mfuko wa bima husika. "Nitaleta ajira kwa vijana." Hapo umevuka kabisa, utapigiwa makofi ukumbini, na mwaka unaofuata vijana haohao watakuuliza ziko wapi.

Mipaka hii haikuanguka kutoka mbinguni, na mgombea anayejua ilivyopatikana hujibu maswali vizuri zaidi. Sheria ya mwaka 1978 iliweka dawa na wataalamu wake kwenye kapu moja. Mwaka 2003 ikatungwa sheria iliyounda TFDA kusimamia chakula, dawa na vipodozi. Mwaka huohuo, mkoani Ruvuma, ulianza kujaribiwa mpango wa maduka ya dawa muhimu, kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi ambayo wazee wetu wanayakumbuka. Sheria ya Famasi ya 2011 ndiyo iliyolipa Baraza mamlaka tuliyoyazoea leo, yakiwemo ya kusimamia maduka hayo. Mwaka 2019 masuala ya chakula na vipodozi yakahamia TBS, Shirika la Viwango, na TFDA ikawa TMDA. Kwa kifupi, TMDA inaangalia dawa, Baraza linaangalia mtu na mahali. Ahadi yako ikae upande ambao kiti chako kina mkono.

Zinabaki nyingi tu. Ubora wa utarajali, kwa mfano: nani anamfundisha mtarajali katika hospitali ambayo mfamasia ni mmoja na ndiye huyohuyo mtunza stoo? Au mafunzo endelevu yanayohitaji nauli ya kwenda Dar es Salaam. Umbali kati ya famasi na famasi, mjadala usioisha. Antibayotiki zinazotolewa bila cheti cha daktari, ambako usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ile UVIDA tunayoisikia kwenye semina, unaanzia kaunta kabla ya kufika maabara. Na zahanati ambazo dawa hutolewa na muuguzi au tabibu kwa kuwa hakuna mwingine. Chagua mawili. Matatu ni mengi.

Hatua ya nne: tembea kanda

Mgombea wa Dar es Salaam anaweza kuwaona wapiga kura wake wengi kwa siku moja ya foleni ya magari. Wewe una Kondoa upande mmoja, Mpwapwa upande mwingine, na Singida mjini ni kilomita zipatazo 240. Hospitali ya Mtakatifu Gaspar iko Itigi, Mvumi iko ndani ya Chamwino kwa njia yake ya vumbi. Ndiyo maana hatua hii wengi huiruka, na ndiyo maana anayeifanya hukumbukwa.

Usiende kuomba kura. Nenda kusikiliza, wakati bado hakuna uchaguzi hewani. Panga safari zako zifuate shughuli nyingine: usimamizi elekezi, msiba, harusi, likizo. Hospitalini usifike Jumatatu asubuhi dirisha la dawa likiwa limefurika. Fika baada ya saa nane mchana, foleni imekatika na watu wanahesabu dawa. Msalimie kwanza mtoa dawa aliyeko mbele kabla hujamuulizia mkuu wake. Kwa wakubwa ni shikamoo, hata kama shahada yako ni ya juu kuliko yao. Na ukifika vijijini kwa Wagogo, "mbukwenyi" moja, salamu yao, hufungua maongezi kuliko kadi yenye jina lako.

Uliza maswali machache, uache watu waongee:

Ni jambo gani la kazi hii linakufanya ufikirie kuiacha?
Mara ya mwisho mkaguzi alipokuja, aliacha nini: msaada au hofu?
Kama ungepewa dakika tano na wajumbe wa Baraza, ungewaambia nini?

Andika majibu kwenye daftari, siku na mahali, bila majina pale mtu anapotaka yasitajwe. Utaona haraka kwamba mambo ya Hospitali ya Benjamin Mkapa si ya kituo cha afya cha Chemba. Hospitali kubwa watakuambia kuhusu famasia ya kliniki na nafasi ya mfamasia wodini. Mirembe watakuambia kuhusu dawa za afya ya akili na wagonjwa wanaorudi kwa kukosa dozi. Wilayani watakuambia kuhusu upweke. Neno hilo nimelisikia zaidi ya mara moja, na hakuna bango la kampeni nililowahi kuliona limelitaja.

Pita pia Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, ambako wafamasia wanafundishwa hapahapa mjini. Wanafunzi hawana kura leo. Lakini walimu wao wanazo, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ni mtarajali wa kesho. Watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu nao hawapigi kura kwenye chama cha wafamasia, ila hakuna anayejua kinachotokea kaunta za vijijini kuliko wao. Kama unataka kuzungumzia usalama wa mgonjwa bila kukaa na watu hawa, utakuwa unazungumzia usalama wa mgonjwa wa mjini.

Tarehe 25 Septemba, Siku ya Wafamasia Duniani, ni nafasi nzuri ya kuonekana ukifanya kazi badala ya kuonekana ukijitangaza. Jitolee kuratibu upimaji wa shinikizo la damu au elimu ya dawa kwenye uwanja wa wazi. Anayebeba meza na viti siku hiyo hujulikana.

Hatua ya tano: fomu na wadhamini

Chukua fomu siku ya kwanza, irudishe siku kadhaa kabla ya mwisho, dai risiti au saini ya kupokelewa. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha usajili. Wadhamini wasiwe wote wa kituo chako wala wote wa rika lako. Mmoja wa hospitali ya wilaya, mmoja wa famasi ya binafsi, mmoja mwalimu. Hakikisha nao wamelipa ada. Mdhamini mwenye deni anaweza kukutoa kwenye kinyang'anyiro bila mtu yeyote kukuchukia.

Hatua ya sita: ukurasa mmoja

Andika maelezo yako kwenye ukurasa mmoja, usomeke kwenye simu bila kukuza. Anza na unachotaka kufanya, siyo na shule ulizosoma. Wapiga kura ni wafamasia. Wanajua shahada ya famasia ni nini.

Mfano wa namna yanavyoweza kuandikwa:

"Ndugu wanataaluma, ninaomba nafasi ya uwakilishi wa kanda katika kamati ya uongozi. Nimefanya kazi hospitali ya wilaya na famasi ya jamii. Nimepita vituo vya mikoa yetu miwili na mambo mawili yamejirudia kila mahali. La kwanza ni mafunzo endelevu kuwa mbali na ghali. Nitapendekeza ratiba ya mafunzo ya kanda, yafanyike kwa zamu mikoani, na nitaleta kila mkutano taarifa ya maandishi ya yaliyofanyika na yaliyokwama. La pili ni watarajali kukosa msimamizi wa karibu. Nitapendekeza orodha ya wasimamizi walio tayari, ili mtarajali ajue wa kumpigia. Sitaahidi ajira wala bei za bima, kwa kuwa havimo mikononi mwa kiti hiki. Nina hisa katika famasi moja mjini Dodoma. Jambo lolote linaloihusu likija kikaoni nitatoka nje. Ada zangu zimelipwa na leseni yangu ni hai."

Sentensi ya hisa watu watakuambia uifute. Iache. Ndiyo itakayosomwa mara mbili.

Sentensi inayotakiwa kufutwa ni ile inayosema "nitapigania maslahi ya wafamasia kwa nguvu zote." Kwenye chama inapita, ingawa haisemi kitu. Kwa mtu anayefikiria siku moja kukaa kwenye Baraza, sentensi hiyo itamfuata. Huko anayeketi upande wa pili wa meza anaweza kuwa mama aliyepewa dawa isiyo yake, na aliyempa ni mwanachama mwenzako.

Hatua ya saba: kuomba kura bila kujiharibia

Ujumbe mmoja wenye jina la mtu unashinda mabango kumi kwenye grupu. Kwa mtu mliyewahi kukutana, andika hivi:

"Habari za kazi, dada. Nilipita kwenu mwezi wa tatu ukanieleza habari ya mtarajali wenu kukaa stoo muda wote. Nimeliweka jambo hilo kwenye maelezo yangu. Nagombea uwakilishi wa kanda. Nakuomba usome, na kama kuna mahali sijakuelewa vizuri niambie. Kura yako nitaishukuru."

Mpe muda ajibu. Usimfuatilie kwa alama mbili za bluu.

Namba za simu ni jambo la kuangalia sana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na tume yake ipo. Usichukue namba kutoka daftari la wagonjwa, kanzidata ya mwajiri, au orodha ya mahudhurio ya semina iliyokusanywa kwa shughuli nyingine. Tumia namba ulizopewa na wenyewe, au omba chama kisambaze maelezo ya wagombea wote kwa pamoja.

Usiombe kura kwa mtarajali unayemsimamia au kijana unayempangia zamu. Atasema ndiyo, na hiyo ndiyo sababu usimuombe.

Pesa. Andika bajeti yako: nauli, bando, kuchapa karatasi kidogo, na si zaidi. Msambazaji wa dawa akijitolea kukuwekea mafuta, mshukuru na ukatae, maana siku kampuni yake itakapokuwa na shauri utakuwa umeshalipwa. Chakula cha jioni kwa wajumbe usiku wa kuamkia uchaguzi nacho ukiache. Tulikuwa na neno takrima kwenye siasa zetu, yaani ukarimu kwa wapiga kura, likiwa na ulinzi ndani ya sheria ya uchaguzi, mpaka Mahakama Kuu ilipoviondoa vifungu vyake mwaka 2006. Kama wanasiasa walizuiwa, mfamasia anayetaka kusimamia maadili ya wenzake ana kisingizio gani?

Mpinzani wako msome vizuri na usimtaje vibaya. Baada ya uchaguzi mtakuwa kwenye grupu moja, na huenda dawa ikiadimika kwako yeye ndiye utakayempigia.

Hatua ya nane: siku ya mkutano

Kama mkutano uko Dar es Salaam, treni ya SGR imetuondolea lile basi la alfajiri, lakini kata tiketi mapema. Siku za mikutano ya serikali na Bunge nafasi hujaa. Wasaidie watu wa wilayani kupanga safari zao, kwa taarifa tu, siyo kwa nauli yako. Kanda hii haipotezi viti kwa sababu ya wagombea wabaya. Inavipoteza kwa sababu wapiga kura wake wamebaki zamu.

Dakika tatu za kujieleza zitakuwa mbili, kwa vile ratiba huchelewa. Andaa maneno ya dakika moja na nusu: mambo yako mawili, mfano mmoja kutoka kwenye daftari, orodha ya maslahi yako, kaa chini. Swali la kukutega litakuja, na mara nyingi ni hili: "Mwenzetu akikamatwa na mkaguzi, utamsaidiaje?" Jibu la makofi ni "nitasimama naye." Jibu la kweli ni kwamba utahakikisha anasikilizwa kwa haki, anapewa tuhuma kwa maandishi, anapata muda wa kujibu, lakini hutazuia shauri lisisikilizwe. Ukumbi utanyamaza kidogo. Usiongeze neno.

Kabla ya kura, hakikisha akidi imetangazwa na kuandikwa. Omba wakala wako awepo kwenye kuhesabu. Ukiona kasoro, iandike palepale na uikabidhi kwa kamati ya uchaguzi ndani ya muda uliowekwa. Pingamizi la kwenye WhatsApp saa tano usiku halina mpokeaji.

Hatua ya tisa: baada ya matokeo

Ukishindwa, mpigie aliyeshinda siku hiyohiyo. Wiki inayofuata mpelekee muhtasari wa daftari lako, yale mambo ya vituoni, na umwambie ayatumie. Hili si ukarimu tu. Kamati ndogo hutafuta watu, na huanza kwa waliokuja na kazi mkononi.

Ukishinda, fanya mambo matatu kabla ya kikao cha kwanza. Wasilisha orodha ya maslahi yako kwa katibu kwa maandishi, hata kama hakuna aliyekuomba. Soma kabrasha lote la kikao, viambatisho pamoja, kwa kuwa maamuzi mengi hufichwa kwenye viambatisho. Na andaa jibu la kumtumia rafiki atakayekupigia kuhusu shauri lake, maana atapiga, tena pengine ndiye aliyekudhamini. Likae tayari kwenye simu:

"Kaka, nimeuona ujumbe wako. Jambo hili likifika mezani kwetu sitaweza kulizungumza nawe nje ya kikao, na kwa vile tunafahamiana nitaomba kutoka litakapojadiliwa. Utetezi wako uandike na uupeleke kwa Msajili wa Baraza kabla ya tarehe iliyo kwenye barua yako. Ukichelewa hutasikilizwa vizuri. Kama hujaelewa tuhuma, omba zifafanuliwe kwa maandishi, ni haki yako. Tusalimie nyumbani."